Kuni za Mama Winifrida

Mwalimu wetu wa fizikia hapa Kibondo hufuta ubao kwa kiganja, kisha hushika kiuno, shati likabaki na alama za vidole vya chaki. "Kuinua mzigo ni kazi," husema kwa sauti ya pole, kama anayetoa rambirambi. "Kutembea nao kichwani kwenye tambarare, kazi ni sifuri." Jana mwenzetu Winifrida akauliza, "Sasa mama yangu na kuni zake anachoshwa na nini?" Mwalimu akaifuta sifuri, akaiandika, akaifuta tena. Jioni tulimkuta mwalimu barabarani amejitwisha kuni zile, ngata imemteremkia sikioni, mama mwenyewe anamfuata mikono mitupu, haelewi. Nasi hatukujua tucheke au tuandike. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba," akajibu, shingo imekakamaa. "Bado ni sifuri. Nitueni."