Beki Aliyekataa Sifa za Mwenzake

Kwa miaka miwili nilimwendesha Mreno mmoja mjini Riyadh. Zamani alikuwa beki wa kulia. Sasa, kichwa kimejaa mvi na magoti yamekwisha, alikuwa akiwanoa mabeki wa klabu iliyoniajiri udereva. Kila asubuhi nilimchukua hotelini, mtaa wa Olaya, naye aliketi mbele, pembeni yangu. Mabosi wengine wote walikaa nyuma. Hivyo ndivyo nilivyoyajua maisha yake: miaka kumi na miwili katika klabu moja, na timu ya taifa mechi moja tu.

Klabu ilipokwenda kucheza Jeddah, aliniomba nimpeleke Balad, mji mkongwe wa huko, akamnunulie mkewe kitambaa. Mwenye duka, mzee wa rika lake, alimkazia macho, kisha akaniuliza kwa Kiarabu kama huyu si yule mshambuliaji wa Ureno aliyekuwa akimtazama kwenye televisheni ujanani. Kabla sijajibu, alikwisha kuagiza chai na kuwaita majirani wawili.

Nilimweleza kocha kwa Kiingereza, nikaongeza, "Kubali tu. Atakupunguzia bei."

"Mwambie si mimi," akasema. "Yule nilicheza naye. Mimi nilikuwa nampelekea mipira."

Nilitafsiri kwa shingo upande. Majirani wakarudi kwenye maduka yao. Mzee akabaki na sinia la chai mkononi, halafu akauliza, "Mipira gani?"

Basi kocha akasogeza kigoda, akaonyesha kati ya marobota ya vitambaa: hapa beki wao, hapa mstari, mimi naja hivi. Goti likamkatalia. Alinishika bega, akaimalizia krosi kwa mguu mmoja, bila mpira.

Mzee alifumba macho. "Akafunga kwa kichwa," alisema polepole. "Mvua ilikuwa inanyesha."

Nilipomfasiria, kocha aliliachia bega langu. "Kweli, ilinyesha," akasema.

Tulikunywa chai mpaka adhana ya alasiri, duka likafungwa. Garini alimpigia mkewe simu. Kireno sikukijua, lakini nilimsikia akisimulia kwa kirefu, akicheka.

Kaka yangu nyumbani nilikuwa nimemdanganya kwamba nafanya kazi ofisini. Wiki ile nilimwambia ukweli: mimi ni dereva. Kisha nikamweleza ninamwendesha nani.