Ukindu Katika Shamba la Mama

Nakumbuka masika moja kule kwetu Mwera, Mwingereza bado yupo, nami msichana wa juzi tu, hata leso sijajua kuifunga vizuri. Korongo letu lilikuwa na vituko: likifurika, maji yote yanakimbilia baharini, na baada ya siku chache mpunga unakauka. Bwana shamba akatuambia mvua ikija tufunge alama kila mahali maji yanapovuka ukingo. Yeye atazichora kwenye ramani, tujue pa kuchimba mfereji wa kuyaleta mashambani.

Mvua ikaja. Tukaloa chapachapa, wake kwa waume, tukifunga ukindu, yale majani ya mkindu, vichakani kuwa alama. (Niliteleza nikakaa matopeni, shangazi akanicheka mpaka machozi.) Maji yalipopungua tukaona alama zote ziko mahali pamoja tu: katikati ya shamba la mama. Mwanangu, shamba lenyewe ndilo hilo tu aliloachiwa na marehemu baba. Niliogopa mfereji utalimeza lote.

Jumbe wetu, mtu mwema, akainamisha kichwa. "Bi Mwanaisha, wewe mjane. Ukindu huu tuufungue, tukaufunge kule juu, shambani kwangu. Bwana shamba atajuaje?"

Watu wakaitikia, na mimi nikaitikia kwa sauti kuliko wote.

"Ahsante, jumbe," mama akasema. "Lakini kule juu maji hayapandi. Mtachimba mchoke, na mwakani tutalala njaa sote, mie na huruma zenu. Uacheni."

Ukaachwa. Mfereji ukapita pale, shamba likaisha. Mama alilia, sikufichi. Lakini mpunga ulizaa, na wakati wa mavuno kila nyumba ilimletea pakacha la mpunga mlangoni bila kuambiwa na mtu. Ilikuwa hivyo mpaka alipofariki.

Leo wajukuu wa watu wale wanaruka mfereji ule wakicheka, hawajui kama waruka shamba la mtu. Ndiyo maana nakusumbua na maneno haya, mwanangu. Ukimhurumia mtu, usiihamishe kweli kwa ajili yake. Iache ilipo, kisha umbebee pakacha. Na ukila ukashiba, uliza ni nani aliyetoa chake ili wewe upate.

Mungu akunyeshee mvua ya kiasi, akupe majirani wasiousahau mlango wako, nawe usiusahau wao. Amin.