Mchele wa Boma au Rupia

Jumanne, mwezi wa pili. Tangu alfajiri ukungu ulikaa mlimani kama mvua inataka kunyesha, mchana ukaondoka bila hata tone.

Dada yangu alikuja kabla sijanawa uso. Tangu afiwe na mumewe, wanawe wananitazama mimi mjomba wao, ndivyo tulivyo Waluguru, na mwaka huu nzige wamekula shamba lake na langu. Akida, mkubwa wa majumbe huku kwetu, ametangaza kwamba serikali inawasaidia wajane pale boma la Morogoro: kila nyumba ichague mchele au rupia. Ukishachagua hubadilishi mpaka mavuno.

"Kaka, wewe umesoma. Nichukue kipi?"

Kusoma kwenyewe ni kule misheni, tena kidogo, lakini nilijibu upesi: rupia. Labda upesi mno. Nilichofikiria ni njia. Huku kwetu ukipita na chakula kichwani mbele ya nyumba ya ndugu, unatua, unampimia kiganja. Na toka bomani hadi kwetu juu ndugu wamejipanga njia nzima. Rupia unaifunga kwenye pindo la kaniki, unasalimia, unapita.

Kweli, tukiwa tunashuka tulikutana na jirani yetu akipanda na kikapu, na kikapu chenyewe kinapepea kwa wepesi.

"Shoga, huo ndio mchele wa serikali?" dada akamuuliza.

"Ulikuwa wa serikali mpaka mtoni. Toka mtoni ukawa wa mashangazi." Akacheka, akatua, akampimia na dada kiganja. "Na wewe shika chako, usije ukanisema."

Dada akakifunga pindoni. Tukaendelea kushuka hadi bomani.

Sitaki kuionea rupia. Pale bomani mama mmoja wa mjini alikuwa ameichukua, na alifurahi kwa haki: maduka yako mlangoni pake, ananunua unga kidogo kidogo. Kwetu juu duka hakuna, na mwenye mahindi siku hizi hauzi. Hilo sikuwa nimelifikiria asubuhi. Karani naye nisimseme vibaya, hakutuharakisha.

"Mama, mchele au rupia?"

Dada akanivuta pembeni. "Kaka, kodi ya nyumba sijalipa. Rupia ikiingia kwangu, jumbe atafika kuidai kabla sijawasha moto. Mchele hawezi kuupeleka kwenye kodi."

"Ndugu wataumaliza njiani."

"Waule. Wao milango yao naijua. Jumbe nikiwa na njaa nimwendee?"

Akarudi kwa karani. Akachukua mchele.

Tulipanda tukitua kila mlango. Kwa shangazi yetu anayeumwa, dada alitoa shikamoo akapima viganja viwili, nami roho iliniuma, maana nilikuwa nawafikiria watoto. Shangazi alipokea kwa mikono yote miwili, nikaona haya. Tulifika na chini ya nusu.

Kama mchele huu utatufikisha mgawo ujao, sijui. Rupia ingeishia kwa jumbe, au labda tungeificha vizuri tukapata mtu wa kutuuzia. Nimeligeuza jambo hili jioni nzima, na kila upande una haki yake. Ila chungu ni cha dada, si changu.

Tumekula uji wa mchele, mwepesi, na majani ya maboga bila chumvi. Watoto wamelamba mwiko. Dada amekwangua ukoko, akanigawia nusu.