Chupa ya Pili Ndiyo Iliyonuka

Nilisafiri kwa sababu ya ndege wadogo, na nimerudi na hasira ambazo hadi leo zinafanya kalamu itoboe karatasi. Nyinyi wa nyumbani Tanga mtanisamehe mwandiko.

Darasani kwetu hapa Dubai tulisoma kuhusu bahari ya barafu kule kaskazini. Zimo planktoni, viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Havijatawanyika sawasawa. Vinajazana mahali pamoja kama watu msibani, na pembeni kidogo maji ni matupu. Ndege wanapajua. Wapo wanaozaliana huko kwenye baridi, kisha wanahamia bahari ya huku. Nikajiuliza: na huku chakula chao kiko mafungu mafungu?

Mimi kunyoosha mkono darasani siwezi. Niliandika swali kwenye karatasi, nikaliweka mezani kwa Sir, mwalimu wetu, nikakimbia. Akalipenda! Akasema tutakwenda pwani ya mashariki kutafuta jibu, nalo litabandikwa ukutani siku ya maonyesho, na jina langu chini yake.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwetu mtaa wa International City. Mama, anayefanya usafi hotelini, alinifungia chapati huku amevaa sare ya kazi.

"Swali ni lako, mwanangu. Leo useme. Usinirudie na mdomo umeshonwa."

Nikasema sawa. Kusema sawa ni rahisi.

Saa mbili tulisimama Hatta kunywa chai. Milima ya kule haina hata jani, kahawia tupu. Sir alinikabidhi chupa tatu zenye namba. Moja kwa kila mahali tutakapovuta wavu wa kunasia planktoni.

Saa nne tulikuwa baharini, kwenye boti ya kutembeza watalii. Msaidizi wa nahodha alikuwa Mkenya, Kaka Brayo. Alinisikia nikihesabu kwa Kiswahili.

"Kumbe wewe ni wetu! Na mbona unanong'onea chupa? Zinakujibu?"

Nikacheka. Mara ya kwanza wavu ulitoka na maji tu. Kisha tukafika kwenye mstari mrefu wa povu, na hapo ndipo nilipowaona: ndege kama mia hivi, wadogo kama ngumi, wanazunguka juu ya maji kama pia, wanadonoa, wanazunguka tena.

"Ona vile wanakatika viuno!" Kaka Brayo alisema. "Hii ndiyo hoteli yao. Kwingine ni njaa tu."

Wavu ukatoka mzito. Chupa ya pili ikajaa uji mwekundu unaotetemeka. Tukasogea mbele kidogo, ndege hakuna, na chupa ya tatu ikawa maji tu. Nilitaka kupiga kelele. Jibu langu lilikuwa mikononi mwangu!

Saa saba, ufukweni. Sir alileta ndoo.

"Mimina zote tatu. Tutahesabu, tugawe kwa tatu, tupate wastani. Bahari ni moja."

Nilijua anaharibu. Nilijua kabisa. Na nani alimimina? Mimi. Kwa mkono wangu huu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya kama mjinga. Sir akakoroga, akachota kidogo kwa ajili ya shule, akahesabu palepale.

"Chupa ukazioshe nyumbani."

Njiani kurudi sikutazama mlima wowote. Sir alituonyesha karatasi ya kubandika ukutani: planktoni zipo kwa kiasi cha wastani. Chini yake, jina langu. Nilimkasirikia Sir, na mimi mwenyewe nilijikasirikia zaidi.

Chupa sikuziosha. Kwa nini niwaoshee? Nilizifunga ovyo, mabaki yakiwa ndani, nikazitupa barazani. Jumapili mchana, Mama akapiga kelele.

"Wewe! Nini kimekufa humu?"

Akafungua ya kwanza, akanusa. Hamna kitu. Ya tatu, hamna kitu. Alipofungua ya pili aliruka nyuma, mkono puani.

"Toba! Hii ndiyo yenyewe!"

Nikamtazama Mama. Halafu nikazifunga tena, moja moja, nikaziweka kwenye begi la shule.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Nilizipanga mezani kwa Sir kwa namba. Miguu ilitaka kukimbia kama siku ile. Nikaikatalia.

"Nusa, Sir."

Akanusa ya kwanza. Akanusa ya pili, akageuza uso, machozi yakamtoka. Ya tatu akainusa mara mbili.

"Ndege walikuwa kwenye ya pili tu," nilisema. Sauti ilitoka. "Wangefuata wastani wako wangekufa njaa."

Akaifunga chupa ya pili. Kisha akasema, "Khalas, basi. Andika ukurasa wako. Tutaubandika nyuma ya ule wa wastani."

Nyuma! Nani anasoma nyuma ya karatasi iliyobandikwa ukutani?

Nimejifunza kwamba hasira ikikaa tumboni inaoza kama ile chupa, na kwamba ukiifungua mbele ya mtu anayehusika, ananusa.

"Mbele, Sir," nilisema, na sikuondoka pale mezani.