Kuipa Mikebe Kisogo

Majirani zetu kule karibu na Butali hupenda kusema kwamba mama alikuwa na subira. Mimi hukasirika kidogo, kwa sababu hawakumwona asubuhi. Siku ya kupika sukari nguru, jua lilimkuta ameshawasha moto wa makapi ya miwa, anakoroga, anaengua povu, na ole wako umpitie karibu mikono mitupu.

Lakini akishaimimina sukari kwenye mikebe igande, alinawa, akavuta kigoda chake na kuipa mikebe kisogo. Alikunywa chai yake taratibu. Hakugeuka hata mara moja.

Siku moja mchuuzi kutoka Mumias alikuja na bodaboda, akataka apakiwe mzigo ungali moto.

"Keti kwanza, mwanangu," mama alimwambia. "Ikivunjikia kwako, itaitwa yangu."

Mchuuzi aliondoka amenuna, bila mzigo. Siku ya soko iliyofuata alirudi, na bila kuambiwa akavuta kigoda kando ya mama, naye akaipa mikebe kisogo. Wakanywa chai pamoja. Bado nawaona.

Sasa ninayepika ni mimi. Moto nauweza, povu naliweza. Kinachonishinda ni kigoda. Mteja akipiga simu tu nimeshainuka, naibonyeza sukari kuona kama imeganda. Mabonge ya mama yalitoka laini kama sabuni mpya. Yangu, ukiyatazama vizuri, kila moja lina alama ya kidole.