Mtaa Uliohamia Mpungani

Mwezi wa nne mwaka huu niliingia Ifakara kwa basi lililokuja kwenye lami kutoka Kidatu bila abiria hata mmoja kushuka kusukuma. Pale Kiberege, ambako zamani tulipata muda wa kula mahindi ya kuchoma na kuyamaliza huku kondakta akitafuta mawe ya kuweka chini ya tairi, safari hii sikuwahi hata kufungua dirisha. Nikafika mtaani kwetu jua lingali juu. Milango yote ilikuwa wazi. Redio zinaimba, mtoto anaogeshwa kwenye beseni na kulia, mama mmoja anakaanga vitumbua kibarazani. Nikasimama na begi langu nikishangaa. Utaniuliza kuna ajabu gani mlango kuwa wazi. Basi nikwambie: nilipokuwa mdogo, mwezi wa nne mtaa huu haukuwa na mtu.

Tulikuwa tumehama. Mvua za kwanza zikishanyesha, kila nyumba ilifunga virago na kwenda kuishi shambani, upande wa Michenga na kuendelea mbele kwenye mbuga, ambako maji ya mto yakitanda ndipo mpunga unapostawi. Hatukwenda na kurudi. Tulihama kweli. Godoro lilifungwa kwenye baiskeli, juu yake sufuria, juu ya sufuria tenga la kuku, na kinu kikabebwa na aliyeonekana kuwa na kiburi zaidi mwaka huo. Mwalimu wetu alikuwa akisimama mlangoni mwa darasa anatuangalia tunavyopita, anatikisa kichwa. Alikuwa akisema kwamba kila mwaka anafundisha madawati.

Shambani tulilala kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ili maji yapite chini. Bibi, watoto wake na wajukuu, wote juu ya sakafu moja ya matete. Asubuhi uliamka na harufu ya tope na moshi, na chini ya miguu yako unasikia perege wanarukaruka majini. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Kwelea wakija, wanakuja wengi, na shamba lisilo na mtu wanalimaliza. Tulipiga madebe, tulirusha udongo kwa kombeo, tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Zawadi yetu ilikuwa pepeta: mpunga ambao haujakomaa sawasawa, bibi anaukaanga, anautwanga ukiwa bado wa moto, tunautafuna na nazi ikiwepo, na isipokuwepo tunautafuna hivyohivyo. Tangu nimekua nimekula vyakula vya hoteli, na sijaona cha kulinganisha.

Bibi alikuwa akitandika mkeka wake jioni, ananyoosha miguu na kusema, "Huku ndiko kwetu. Mjini tunakwenda kununua chumvi."

Mtu pekee aliyebaki mtaani alikuwa mwenye duka. Wazazi wake walikuja kutoka pwani zamani na wakaanza kuuza kanga na mafuta ya taa, na yeye hakuwahi kulima hata bamia. Kila nyumba ilimwachia ufunguo wake. Aliutundika kwenye msumari nyuma ya mizani, na hakuna nyumba iliyowahi kupotelewa hata na kijiko. Tukirudi baada ya mavuno, mchele wa kwanza kutoka kila kinu ulikwenda kwake, na mwaka ambao Ramadhani iliangukia wakati huo, bibi yangu, Mkatoliki asiyekosa misa, alikuwa akimpikia futari kwa mchele huo mpya.

Sasa mwaka mmoja, masuke yamejaa na tumechoka kwa kelele, tukamwona mwenye duka anakuja juu ya tuta. Kanzu ameikunja mpaka magotini, viatu mkononi, tope limemfika kwenye mapaja. Tulicheka sisi watoto. Bibi hakucheka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Wamekuja wapimaji."

Akakaa kwenye ngazi ya dungu akaeleza huku anahema. Mji ulikuwa unakua, watu wanaingia kila siku, na serikali ilitaka barabara pana kutoka stendi hadi upande wa pili wa soko. Wapimaji walipita mtaani kwetu na kamba zao na rangi nyekundu. Wakakuta kufuli kila mlango, nyasi zimefika madirishani, mmea wa boga umepanda ukuta wa nyumba ya bibi na kuweka boga juu ya bati. Wakaandika kwamba pale ni mahame. Barabara ikachorwa katikati ya nyumba zetu.

"Niliwaambia wenyewe wako shamba," alisema. "Wakaniuliza, shamba gani la mtaa mzima? Keshokutwa anakuja bwana ardhi mwenyewe kuhakiki. Akikuta vile walivyokuta wao, basi tena."

Ungekuwepo ungesikia mabishano. Kurudi mjini ni kuwaachia ndege mpunga, na mpunga ndio ulikuwa chakula cha mwaka, sare za shule na bati la jikoni. Kutorudi ni kukosa pa kurudi. Wanaume wakasema waende wao, wazee wachache, wakaongee na mkubwa kiutu uzima, wanawake na watoto wabaki na ndege. Bibi akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanamume akisimama mlangoni peke yake watasema ni mlinzi," akasema. "Nyumba inajulikana ina watu kwa moshi na watoto. Tutakwenda sisi. Nyie kaeni na madebe."

Sijawahi kuona wanaume waliokosa raha namna ile. Kuamia ndege ni kazi ya watoto! Baba mdogo wangu alilipokea debe kwa ncha za vidole. Tukaondoka, wanawake wote wa mtaa, watoto, na kuku kwenye matenga yao, tukirudi mjini katikati ya msimu, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kuliona.

Tulifanya kazi siku nzima iliyofuata. Tulifyeka nyasi, tukafagia popo kutoka darini, tukafua nguo chafu na safi pia ili kamba zijae. Na siku ya bwana ardhi, moto ukawashwa mafigani katika kila ua asubuhi na mapema. Mimi na wenzangu tuliamriwa tucheze kwa kelele. Hiyo ndiyo siku pekee maishani mwangu bibi aliponiambia, "Mbona umenyamaza? Piga kelele!"

Akaja, mtu mnene mpole, suruali ameichomeka ndani ya soksi, vijana wake nyuma yake wakitazamana. Alipofika kwa bibi akakaribishwa kwenye kigoda na kupewa wali na kambale mkavu, kama anavyopewa yeyote anayekuta watu wanakula. Alikula. Kisha akauliza, bila ukali, kwa nini vijana wake walikuta nyasi.

Nilidhani bibi atadanganya, na nilijua hajui kudanganya.

"Tulikuwa shamba," akasema. "Tukishavuna mpunga tutarudi hapa. Ndivyo tunavyofanya kila mwaka."

Bwana ardhi akaweka kijiko chini. "Nikuelewe, mama. Mtu nitamwandika mahali pamoja. Mnaishi hapa, au mnaishi huko?"

Bibi alitazama ukuta wake, lile boga bado liko juu ya bati, akawatazama wanawake waliokuwa wamesogea kusikiliza.

"Tunaishi hapa," akasema. "Kule tunalima tu."

Yule bwana akawaambia vijana wake waandike. Barabara ikahamishwa, ikapita nyuma ya duka, na mtaa wetu ukaingia kwenye ramani na jina lake. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa namtazama bibi, na niliona hakupiga. Alifunga mlango, akapeleka ufunguo dukani, tukarudi shambani siku ileile. Wanaume walikuwa wamelala usingizi wa mchana, na kwelea walikuwa wamekula kona nzima ya shamba letu. Mwaka ule hatukubadilisha bati la jikoni.

Nami sina ugomvi na mipango, usinielewe vibaya. Lami ni nzuri, na wajawazito wa Kiberege wanafika hospitali. Watu wameongezeka bondeni, wakulima, wafugaji na ng'ombe wao, wafanyabiashara wa kila namna, na bila kupanga tungekuwa tunagombana hadi leo. Siku hizi kuna ramani kubwa ukutani kwenye ofisi ya kata: rangi moja kwa makazi, nyingine kwa mpunga, nyingine kwa malisho na maji. Kule kwetu kumebaki mpunga, namshukuru Mungu. Ila hakuna ruhusa ya kujenga hata dungu, maana hakuna aliyeandikwa kuishi kule. Na nani angelala huko tena? Bodaboda inakupeleka asubuhi na kukurudisha jioni, watoto hawakosi shule, na mwalimu wa leo ana watu wa kuwafundisha.

Bibi bado yupo, amezeeka lakini masikio yake yanasikia hata kisichomhusu. Ana umeme, ana vitukuu, nyumba yake imesimama. Anafurahi, na anasema hivyo mwenyewe. Safari hii aliniomba jambo moja tu, nimpeleke mbugani. Tulikwenda kwa bajaji, na kabla sijamaliza kumweleza habari za Morogoro ninakoishi sasa, tukawa tumefika. Mpunga ulikuwa umejaa masuke. Nikamtandikia kanga kwenye tuta, akanyoosha miguu, akakaa akitazama tu, na upepo ukipita juu ya mpunga yeye anaitikia kwa kichwa.

Jua lilipoanza kuinama dereva akapiga honi. Nikamwambia bibi, tukae kidogo zaidi, dereva atasubiri.

"Hapana, twende," akasema, akaninyooshea mkono nimwinue. "Nilimwambia yule bwana hatuishi huku."