Koo Lilikataa, Nami Nikakataa

Munivumilie, wapendwa, siku hizi naongea polepole. Mimi ni Kavira wa mutaa wa Katoyi. Zamani nilikuwa nauza bugali na sombe, yale majani ya muhogo, na nilikula nimesimama, nikicheka na tonge mudomoni.

Asubuhi moja mwiko uliniponyoka mukononi. Muguu wa kushoto ukalegea, mudomo ukapinda. Nilitaka kumuita binti yangu Furaha, ulimi ukalala tu.

Hospitalini dokta alisema mushipa wa damu umeziba kwenye ubongo. Furaha akaninywesha maji kidogo. Yalikosa njia, yakarudi puani, nikakohoa mpaka nikawa mweusi. Dokta akakataza kila kitu kwa mudomo. Wakaniingiza mupira puani hadi tumboni, wanauita sonde, uji ukapitia humo. Hata mate yangu yalinishinda. Yalitiririka shingoni, Furaha akanifunga kitambaa kama mutoto anayeota meno. Nilikasirika kuliko nilivyoogopa.

Shemeji yangu Paluku alisema hii ni sumu, na mutu wa sumu anatapishwa. Akaleta chupa ya dawa ya miti. Solange, mutaalamu wa mazoezi, wanamuita kine, aliyekuwa ananifanyisha mazoezi, akamueleza kwamba dawa ile itaingia kwenye mapafu na kuniua. Paluku akamujibu kuwa haya ni mambo ya familia. Akaniinua kichwa. Nikauma meno. Mukono wa kuume ulikuwa muzima, nikaipiga ile chupa, ikamwagika yote. Kisha nikatoa neno langu la kwanza lililoeleweka.

"Hapana."

Kutoka hapo Solange hakunihurumia. Kaa wima, inamisha kidevu, meza kwa nguvu, kohoa. Tulianza na mate tu. Halafu uji muzito, ncha ya kijiko. Maji yalikuja mwisho, kwa sababu yanakimbia mbio kuliko koo gonjwa. Katikati nikapaliwa, nikashikwa na homa ya mapafu, tukaanza upya.

"Mumuache mama apumzike," Paluku alisema.

Nilimutazama, nikafungua mudomo, nikamuonyesha Solange kijiko.

Siku walipotoa sonde nilikula ndizi iliyopondwa. Furaha alilia. Mimi sikuwa na nafasi ya kulia, nilikuwa nameza.

Hata leo maji yananikohoza. Kwenye arusi watu wanaosha sahani, mimi ningali natafuna. Wanangoja.

Namushukuru Mungu, na Solange, na mutoto wangu. Ukiona mutu mudomo umepinda ghafla, usimupe maji wala dawa yoyote. Mukimbize hospitalini, na uulize dokta kama anaweza kumeza.

Na wewe mwenye mupira puani, unayesikia watu wakipanga mambo yako kando ya kitanda chako kama vile haupo: upo. Anayejua kazi akikuletea kijiko, inamisha kidevu, meza. Ukikohoa, kohoa. Kisha omba kingine.